Nyundo ya Jumamosi, Mkopo Bila Riba

Mbandaka ni mji wa mto. Uko kando ya Mto Kongo, karibu kabisa na mstari wa ikweta, na enzi za Wabelgiji uliitwa Coquilhatville. Mjini humo palikuwa na kiwanja kikubwa kilichoachwa wazi kwa makusudi. Upande mmoja waliishi Wazungu, upande wa pili Waafrika, na kiwanja kiliwekwa kati ili pande hizo zisisogeleane. Mahali hapo paliitwa Bokotola, yaani mtu asiyejali wenzake.

Katikati ya miaka ya 1970 zilianza kusimama pale nyumba za matofali ya saruji, za watu wa kawaida wa mji ule, zilizosimamiwa na kanisa. Tarehe 4 Julai 1976 mtaa huo mpya ulizinduliwa na jina la zamani likafutwa. Ukaitwa Losanganya: kupatana, kukutana, kuwa pamoja. Msimamizi wa mradi alikuwa mwanasheria wa Kimarekani, Millard Fuller, aliyekuja Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1973 pamoja na mkewe Linda na watoto wao wanne kulitumikia kanisa la Disciples of Christ katika mkoa wa Equateur.

Nimeanzia Mbandaka kwa sababu kila inapotajwa Habitat for Humanity, shirika la Kikristo la ujenzi wa nyumba nafuu linalojulikana kuliko yote, watu hudhani ni wazo lililozaliwa Marekani likaletwa Afrika kama msaada, na tena hudhani mwanzilishi wake ni Rais Jimmy Carter. Carter aliingia miaka minane baada ya shirika kuanzishwa. Na wazo lenyewe lilijaribiwa kwenye udongo wa Kongo kabla halijapata hata jina.

Fuller hakuwa mtu wa dini kwa kazi. Alizaliwa Alabama mwaka 1935, akasomea sheria, na tangu akiwa chuoni alikuwa na mkono wa biashara: akishirikiana na mwenzake, Morris Dees, aliwauzia watu vitu kwa njia ya posta, vikiwemo vitabu vya mapishi na hata mito ya viti vya trekta. Alipofika miaka 29 alikuwa milionea. Alikuwa pia karibu kuachika. Mwaka 1965 Linda aliondoka nyumbani kwenda New York, akimwambia anahitaji kufikiri kama ndoa hiyo ina maana. Fuller akamfuata. Wakapatana, na katika kupatana kwao wakakubaliana kuuza walichokuwa nacho na kuanza upya bila utajiri ule. Sisi tuliozoea kumwona tajiri akitoa sehemu ya kumi mbele ya kanisa zima, kwaya ikiimba, tunaweza kushindwa kuielewa hesabu hiyo.

Mwishoni mwa mwaka huo walipita kwenye shamba moja karibu na mji wa Americus, jimbo la Georgia, wakikusudia kumsalimia rafiki kwa saa mbili tatu. Wakakaa mwezi mzima. Shamba hilo liliitwa Koinonia.

Koinonia ni neno la Kigiriki la Agano Jipya, na Biblia zetu za Kiswahili hulifasiri kwa neno zuri kuliko neno lolote la Kiingereza: ushirika. Kwetu ushirika ni wa meza ya Bwana, na ni wa kahawa na pamba vilevile. Mtu huenda kwenye ushirika kusali na huenda kwenye ushirika kudai malipo ya mazao. Clarence Jordan, aliyelianzisha shamba hilo mwaka 1942 pamoja na mkewe Florence na familia nyingine moja, angeufurahia utani huo. Alisomea kilimo, kisha akapata shahada ya uzamivu katika Kigiriki cha Agano Jipya, na aliona elimu hizo mbili ni kazi moja. Weusi na weupe wale meza moja, wapate ujira sawa, mali iwe ya wote. Hii ni Georgia ya miaka ya 1940.

Majirani hawakuchelewa kujibu. Mwaka 1950 kanisa la Kibaptisti la pale liliwafukuza watu wa Koinonia baada ya kumleta ibadani mwanafunzi wa Kihindi ambaye rangi yake haikuwapendeza waumini. Kuanzia mwaka 1956 mambo yakawa mabaya zaidi. Kibanda chao cha kuuzia mazao kando ya barabara kililipuliwa kwa baruti, nyumba zao zilipigwa risasi, na maduka ya mjini yaligoma: hakuna mbolea, hakuna chakula cha mifugo, hakuna bima, hakuna mkopo. Wakanusurika kwa kuuza njugu za pekani kwa posta, kwa wateja wa mbali ambao mgomo haukuwafikia. Kufika mwaka 1968 jumuiya ilikuwa imepukutika na kubaki familia mbili.

Katika hali hiyo ya kuishiwa ndipo Fuller, aliyekuwa ameondoka shambani baada ya mwezi ule, alipomwandikia Jordan kumuuliza ana mpango gani. Walikutana, wakaongea kwa siku kadhaa, wakatoka na jambo dogo sana: mfuko wa fedha na viwanja 42, kila kimoja nusu eka, ukingoni mwa shamba. Mfuko waliuita Fund for Humanity. Kwa mtazamo wa Jordan, jirani asiye na nyumba hakupungukiwa sadaka bali mtaji, wala hakuhitaji mtu wa kuja kumhoji shida zake bali wa kufanya naye kazi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya familia nyeusi yenye watoto watano, wakulima waliokuwa wakiishi kwenye kibanda kisicho na bomba la maji wala choo cha ndani. Ilijengwa kwa matofali ya saruji. Bei yake ilikuwa dola 6,000, ilipwe kwa miaka 20, dola 25 kila mwezi. Chukua kalamu. Dola 25 mara miezi 240 ni dola 6,000 kamili. Hakuna senti iliyozidi. Anayejenga hapati faida na anayekopesha hapati riba, na kila dola 25 inayorudi inaingia mfukoni kusubiri nyumba ya jirani mwingine.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa benki. Kwa riba ya asilimia 6, familia ile ingelipa kama dola 43 kwa mwezi, na mwisho wa miaka 20 ingekuwa imetoa zaidi ya dola 10,300. Kwa riba ya asilimia 15, ambayo kwa mkopaji wa nyumba wa Tanzania ni riba ya kawaida kabisa na kwa miaka mingi imepanda hadi 19, ingelipa dola 79 kwa mwezi na jumla ya karibu dola 19,000. Nyumba moja imenunuliwa mara tatu. Nyundo na misumari, hata ikipigwa bure na kanisa zima, haiwezi kupunguza gharama kwa kiasi hicho.

Hapo ndipo ninapotofautiana na namna habari hizi zinavyosimuliwa. Picha huonyesha watu wenye kofia ngumu juu ya paa, wanatabasamu. Mimi naona muujiza wa habari hii haukuwa juu ya paa. Ulikuwa kwenye daftari la mhazini.

Fuller aliliita jambo hilo uchumi wa Yesu, na alilitoa kwenye Torati: kitabu cha Kutoka sura ya 22 kinamkataza mtu kumtoza maskini riba kama afanyavyo mkopeshaji, na Walawi na Kumbukumbu la Torati vinarudia katazo hilo. Msomaji wa Zanzibar, Lamu au Mombasa hahitaji kufundishwa. Neno lenyewe, riba, tumelipata kutoka Kiarabu, na kwa Mwislamu uharamu wake uko wazi katika Kurani. Kilichonishangaza mimi, niliyekulia kanisani, ni kwamba katika miaka yote ya kusikiliza mahubiri nimesikia pombe ikipigwa vita, uzinzi ukipigwa vita, hata suruali za wanawake, lakini sikumbuki mahubiri hata moja juu ya riba. Saccos ya usharika inatoza riba, na mwenyekiti wake ni mzee wa kanisa.

Jordan hakuiona nyumba ile ya kwanza ikikamilika. Alifariki ghafla tarehe 29 Oktoba 1969, akiwa na umri wa miaka 57, katika kibanda chake cha kuandikia pale shambani. Ofisa wa wilaya aliyepaswa kuthibitisha kifo alikataa kufika Koinonia, hivyo Fuller akaubeba mwili kwenye gari na kuupeleka mjini. Jordan alizikwa ndani ya boksi la mbao, kilimani, kaburi lisilo na alama.

Miaka minne baadaye Fuller alikuwa Mbandaka. Kanisa lilikuwa na mradi wa kufyatua matofali ya saruji na kuchimba mchanga, ambao alikuta umelala, akaufufua. Mpango ulikuwa nyumba 114 pale Bokotola, kwa utaratibu uleule wa Koinonia: anayepewa nyumba analipa kidogokidogo, halipi riba, na kinachorudi kinajenga nyingine. Ugumu ulikuwa tofauti na wa Georgia. Saruji ilipaswa kusafiri mtoni, na kila anayejua Zaire ya Mobutu anajua kwamba kibali kilisafiri polepole kuliko saruji. Lakini Fuller alirudi kwao akiwa na uhakika wa jambo moja alilolihitaji: kama ilifaa kwenye shamba lililogomewa na kwenye kiwanja cha kutenganisha rangi, itafaa popote. Mwaka huohuo wa 1976, yeye na Linda wakaanzisha Habitat for Humanity mjini Americus.

Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Mji unaunda tawi lake, mara nyingi likianzia kwenye makanisa mawili matatu ya hapo. Linatafuta kiwanja, linachangisha, linachagua familia kwa vigezo vitatu: iwe inaishi pabaya, iweze kulipa mkopo mdogo, na iwe tayari kufanya kazi. Kigezo cha tatu ndicho kinachosahauliwa. Familia inatakiwa kutoa mamia ya saa za jasho lake, kwenye nyumba yake na kwenye nyumba za wengine, kabla ya kukabidhiwa funguo. Dini si sharti la kupata nyumba. Siku ya kukabidhiwa, desturi ni familia kupewa Biblia, lakini hakuna anayeulizwa anasali wapi. Marekani peke yake matawi yalipita elfu moja.

Na Jumamosi ndiyo siku ya kazi. Nyumba zao nyingi za Marekani ni za fremu za mbao, hivyo mtu asiye na ufundi anaweza kupewa kitu cha kufanya: kushika ubao, kupiga msumari, kubandika jipsamu, kupaka rangi. Sisi tungewaita saidia fundi. Kina mama wa kanisa moja wanaleta chakula cha mchana, wiki inayofuata zamu ni ya kanisa jingine. Mkatoliki anajikuta ameshikilia ngazi anayoipanda Mbaptisti. Fuller aliona hapo kuna teolojia na akaipa jina, teolojia ya nyundo: mnaweza kugombana juu ya ubatizo hadi kiama, lakini juu ya msumari hamna la kugombania. Hilo alilisema akiwa hajawahi kuwaona mafundi wawili wa Kitanzania kwenye saiti moja.

Jimmy Carter alitokea Plains, kijiji kilicho karibu na Americus, na alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili katika kanisa lake la Kibaptisti. Alipotoka Ikulu mwaka 1981 wasaidizi wake walimpa zawadi ya vifaa vya useremala, kwa kuwa walijua anapenda kazi za mbao. Mwaka 1984 Fuller alimwomba amsaidie. Carter alipanda basi pamoja na watu wa kujitolea kutoka Georgia hadi New York, wakalala kwenye vitanda vya ghorofa ndani ya kanisa, na kwa wiki moja wakafanya kazi katika jengo la ghorofa sita upande wa mashariki ya Manhattan, lililokuwa limeachwa gofu, ili familia 19 zipate makazi. Picha ya rais mstaafu amelala kanisani pamoja na watu wa kujitolea ilifanya kazi ambayo matangazo yasingeweza. Tangu hapo, yeye na mkewe Rosalynn walitoa wiki moja karibu kila mwaka kwa zaidi ya miaka 35, katika nchi 14, Afrika Kusini ikiwemo mwaka 2002, na nyumba zilizojengwa au kukarabatiwa katika wiki hizo zimezidi 4,000.

Oktoba 2019 Carter alianguka nyumbani kwake akashonwa nyuzi 14 juu ya jicho. Alikuwa na miaka 95. Kesho yake alikuwa Nashville, jicho limevilia damu, ameshika drili kwenye ujenzi. Rosalynn alifariki Novemba 2023, naye akafuata Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Waandishi wengi wanakubaliana kwamba alikuwa bora akiwa mstaafu kuliko akiwa rais. Nadhani ni kwa sababu nyundo haihitaji kura za Bunge.

Kuna upande wa mchezo pia. Desemba 2002, katika Shelby County, Alabama, watu wa kujitolea walijenga nyumba nzima ya Habitat kwa saa 3, dakika 26 na sekunde 34. Msingi ulikuwa umeshamwagwa kabla, lakini kuanzia kuta hadi paa ilikuwa ni muda wa kuivisha maharage ya zamani kwenye kuni mbichi. Nikiwa nyumbani naweza kuonyesha, bila kutoka mtaani kwetu, nyumba tano zilizofika lenta kabla ya mwaka 2010 na mpaka leo miti imeota sebuleni. Wenyewe hawakukosa mafundi. Fedha iliisha, wakasubiri, saruji ikapanda, wakasubiri tena.

Ndiyo maana nimeusoma kwa makini utafiti wa Kurt Ver Beek kuhusu Honduras. Kimbunga Mitch kilipoipiga nchi hiyo mwishoni mwa mwaka 1998, makundi ya makanisa ya Amerika Kaskazini yalimiminika kwenda kujenga. Vijana walitoa likizo zao, wakabeba matofali, wakalia siku ya kuagana. Ver Beek, mwanasosholojia wa Calvin College aliyekuwa akiishi Honduras, alipiga hesabu. Nyumba iliyojengwa na kundi la wageni, ukijumlisha nauli na matumizi yao, iligharimu wastani wa dola 30,000. Mashirika ya Kikristo ya Honduras, kwa mafundi wa palepale, yalikuwa yakijenga nyumba ya aina hiyo kwa dola 2,000. Hata wenye nyumba hawakuonyesha tofauti: waliojengewa na wageni na waliojengewa na wenzao walikuwa na maisha yaleyale baadaye.

Dola 30,000 ni nyumba 15. Yeyote aliyewahi kupokea wageni wa namna hiyo parokiani au usharikani, na tumewapokea wengi, anajua hali ilivyo: kijana wa miaka 18 anapanga tofali, anapiga picha, na Jumatatu fundi anaukung'uta mstari ule anaupanga upya kimyakimya ili asimvunje moyo mtu. Tunawapenda wageni wetu. Tunawachinjia mbuzi. Lakini sehemu ya nauli ile ingetosha kumlipa fundi, ingemlipa saidia fundi wake, na watoto wa wote wawili wangekula.

Je, hiyo inamaanisha Jumamosi ya nyundo haina maana? Hapana, na hapa ndipo Americus inapotofautiana na Honduras. Mtu anayejenga mtaani kwake hana nauli. Anarudi nyumbani kwa miguu, na Jumatatu anakutana na mwenye nyumba sokoni. Akipiga msumari vibaya atauona kila siku akipita. Na familia iliyojengewa inatoa saa zake za jasho kwenye nyumba ya familia nyingine, hivyo hakuna anayebaki mpokeaji milele. Huo ni msaragambo, ambao Wapare na Wachaga wameujua kabla ya mmisionari wa kwanza kupanda mlima; ni harambee ya kijijini kabla wanasiasa wa Kenya hawajaigeuza kuwa jukwaa la kutangazia hundi. Kinachokosekana kwetu ni ile sehemu ya pili, mfuko unaorudi. Jumuiya ndogondogo itamjengea mjane chumba na sebule, itaezeka, itasali, itaondoka. Fedha imekwenda, haitarudi kumjengea mjane wa pili. Kwa hiyo mjane wa pili anasubiri mchango mpya, na michango inachosha.

Habitat yenyewe ilifika Kenya, Uganda na Tanzania katika miaka ya 1980, na ilikuta kitu ambacho Georgia haikukijua kwa ukali ule: mfumuko wa bei. Mkopo usio na riba, pale ambapo shilingi inayeyuka, ni mkopo unaokufa polepole. Anayelipa baada ya miaka kumi analipa karatasi. Katika miradi kadhaa ya Afrika ufumbuzi uliopatikana ulikuwa wa kifundi kabisa. Deni lilifungwa kwenye bei ya mfuko wa saruji. Ukikopa kiasi cha mifuko mia, utarudisha bei ya mifuko mia, saruji ipande ishuke. Sijui mchumi gani wa chuo kikuu angeweza kubuni kitu chenye haki zaidi, na mkulima akakielewa bila semina.

Lakini mambo hayakubaki hapo. Shirika lilikua. Leo linahesabu watu zaidi ya milioni 60 lililowasaidia kupata au kuboresha makazi, na njia zake ni nyingi kuliko nyundo. Mwaka 2012 lilianzisha mfuko wa MicroBuild, uliozikopesha taasisi ndogo za fedha katika nchi zinazoendelea ili nazo ziwakopeshe watu wa kipato cha chini mikopo midogo ya kujengea hatua kwa hatua: msingi mwaka huu, bati mwakani. Kwa namna tunavyojenga sisi, hilo lina akili sana. Hakuna anayejenga kwa mkupuo Kibaha au Kitengela ila mwenye bahati. Ila taasisi hizo zinatoza riba. Riba iliyofukuzwa kwa aya za Torati imerudi kwa mlango wa uani, ikiwa na sababu nzuri mkononi: fedha ikikopeshwa kibiashara hufika kwa watu wengi kuliko inayochangishwa. Hoja hiyo siwezi kuipuuza. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu mikopo ya nyumba kama 30,000 tu nchi nzima mwishoni mwa mwaka 2023, kwa taifa la watu zaidi ya milioni 50, na wastani wa mkopo mmoja ulizidi shilingi milioni 9. Kati ya benki isiyomtazama mama ntilie na kanisa linalomchangia mara moja, mkopo mdogo wenye riba ni afadhali. Lakini ni afadhali tu.

Fuller hakuifurahia safari hiyo yote. Yeye alitaka vuguvugu, bodi ilitaka taasisi. Mwaka 2004 mwanamke aliyewahi kuwa mfanyakazi alimlalamikia kwa mwenendo usiofaa. Fuller alikanusha, bodi ikasema ushahidi hautoshi, lakini mvutano juu ya namna alivyolizungumzia suala hilo hadharani ukaendelea hadi Januari 2005, alipoondolewa pamoja na Linda katika shirika walilolianzisha. Carter alijaribu kusuluhisha, ikashindikana. Miezi michache baadaye Fuller, akiwa na miaka 70, alianza tena palepale Americus na shirika jingine, Fuller Center for Housing: makanisa, watu wa kujitolea, mkopo bila riba. Makao ya utawala ya Habitat yakahamia Atlanta. Yeye hakuhama.

Alifariki tarehe 3 Februari 2009. Kesho yake alizikwa Koinonia, kwenye jeneza la mbao za msonobari, juu ya kilima kilekile alikozikwa Jordan. Kwetu makaburi ya wazee siku hizi hujengewa kwa saruji na vigae, mara nyingine vizuri kuliko nyumba waliyoishi. La Fuller, aliyefyatua matofali Mbandaka na kuhesabu mifuko ya saruji maisha yake yote, halikuwekwa hata jiwe.